Bwawa Juu ya Kijito, Sehemu ya Tisa: Kunywa, Stephano!

Tulimwacha Gaudiosa kisigino kimoja kikiwa hewani, koo lake limo ndani ya kiganja cha Nazari, na nyuma yake bwawa la majitaka ya mji mzima wa Mbinga linamngoja. Barua zenu nimezisoma. Wengine mmenilaumu kwa kumning'iniza mama wa watu pale wiki nzima. Haya, tumshushe.

Alishuka kweli, maana Nazari alimsukuma.

Ila kuna jambo moja ambalo Nazari, pamoja na misuli yake yote, hakulifikiria. Gaudiosa alipoona anakwenda hakupapasa hewa. Aliukamata mkanda wa suruali ya Nazari kwa mikono miwili, akaung'ang'ania, wakaenda wote wawili.

Maji mazito yakawafunika.

Sasa, Nazari ni mtu wa milimani. Amezaliwa kwenye kahawa, amekulia kwenye kahawa, na maji mengi aliyowahi kuyaingia maishani ni ya karai. Gaudiosa ni Mnyasa wa Liuli, kwao ni ufukweni kabisa mwa ziwa, na kule mtoto anaogelea kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Kule chini Nazari alirusha mateke ovyo. Alimshika nywele, akamkandamiza kichwa. Gaudiosa alimtafuta kidole kwa meno, akakipata, akauma mpaka mfupa ukalia.

Mkono ukaachia. Gaudiosa akapiga mbizi, akaibukia ukingoni.

"Nisaidie!" Nazari alipiga yowe kichwa kilipochomoza. "Dada, nakufa!"

"Na mimi uliponikaba nilikuwa nacheza?" Gaudiosa alimjibu huku anatema uchafu.

Angemwacha. Ningekuwa mimi ningemwacha. Lakini mama huyu ana moyo ambao siku moja utamponza. Alifungua khanga yake ya juu, akaikunja, akatupa ncha moja majini.

"Shika!"

Nazari alishika. Alivutwa taratibu mpaka kifua chake kikagusa udongo. Hapo badala ya kusema ahsante alinyoosha mkono, akamdaka Gaudiosa kifundo cha mguu.

"Umechelewa, Mnyasa," alisema akihema. "Mumeo wameshamchukua. Wako naye kijitoni. Sasa hivi wanamnywesha, baadaye watamchinja. Na wewe bosi amesema usifike."

Akavuta. Gaudiosa alianguka kifudifudi, akaburuzwa kuelekea majini. Mkono wake ulipapasa, ukakuta jiwe. Alimpiga nalo la kwanza kwenye paji la uso. Nazari akacheka. Alimpiga la pili palepale, na kicheko kikakatika. Alilegea, akalala nusu majini, nusu nchi kavu, akikoroma damu. Msimlilie bado, watu wa aina ile hawafi upesi.

Kwa aliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nieleze kwa kifupi. Kampuni ya Kisima Bora, chini ya meneja wake Hamphrey, ilipewa kazi ya maji ya mji miaka hii ya kubinafsisha kila kitu. Koki ya bure ya kijiji cha bondeni ikafungwa, pakajengwa kioski, ndoo moja kwa pesa yako. Asiye na pesa akarudi kuteka kijitoni kama zamani. Na juu ya kijito hichohicho, mlimani, kampuni ikajenga bwawa la majitaka ambako gari la kunyonya vyoo vya mjini linamwaga mzigo wake kila siku.

Masika haya watoto wa bondeni wameanza kuhara na kufa. Meneja Hamphrey akanong'oneza kwamba mlinzi wa bwawa, Stephano, mume wa Gaudiosa, ametia sumu majini. Gaudiosa akapanda bwawani peke yake kutafuta ukweli, na Hamphrey akamtuma Nazari amzuie. Hapo ndipo tulipo.

Gaudiosa alianza kuukwea ukingo kwa magoti. Mumewe alikuwa kule chini anauawa, na yeye hana chochote mkononi cha kuwaambia watu. Alilia kwa hasira. Akapiga ngumi ukingoni.

Ngumi ikazama.

Alishtuka. Mkono wote uliingia hadi kwenye kiwiko, mahali ambapo udongo ulitakiwa kuwa mgumu kuliko barabara. Ndani palikuwa na ute wa baridi unaotembea. Alivuta. Akatoka na konzi ya kitu cheusi, laini, kinachonuka.

Zilikuwa nyasi zilizooza.

Alichimba pembeni kidogo, akakuta nyasi. Akachimba tena, nyasi, safu kwa safu, zimepangwa vizuri na kuoza vizuri, na katikati yake maji ya bwawa yakipita kimyakimya kuelekea upande wa pili, upande wa kijito.

"Mungu wangu," alisema. "Ni sisi."

Asiye wa Mbinga hataelewa haraka, kwa hiyo nimshike mkono. Wamatengo wanalima ngolo, mashimo ya mraba kwenye mteremko mkali. Wanaume wanafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari, wanawake wanachimba katikati na kuzifukia nyasi kwa udongo huo. Matuta yanasimama, nyasi zinaoza zinakuwa mbolea, maji yanazama ardhini polepole wala mlima hauporomoki. Wamefanya hivyo tangu mababu, na hakuna mtaalamu wa kuwafundisha kitu hapo.

Mwaka juzi kampuni ilipotaka ukingo wa bwawa iliwaita haohao, ikawapa majembe na chumvi ya posho. Na wao wakaujenga kwa namna pekee wanayoijua ya kuinua tuta. Wanaume wakafyeka kwa nyengo, zile panga zao za ncha iliyopinda, wakalaza nyasi. Wanawake wakafukia. Kwenye ngolo nyasi zikioza ni neema, lakini ndani ya ukingo wa bwawa zimeacha matundu.

Gaudiosa alikuwepo. Alikumbuka hata alivyouliza siku ile, yeye mgeni aliyeolewa kutoka ziwani: "Nyasi za nini humu?" Wenzake walimcheka. Kiongozi wao, Vitalia, alimpiga kofi la utani mgongoni, akasema, "Samaki tuulize wewe, shemeji. Udongo tuachie sisi." Naye akacheka, akachukua jembe, akafukia pamoja nao.

Sasa aliipima konzi ile ya uozo mkononi. Ingemwokoa Stephano, hilo halikuwa na shaka. Lakini kuionyesha ilikuwa sawa na kumwambia kila mzazi kule chini: mwanao umemuua wewe, kwa mikono yako.

Alisitasita. Kutoka bondeni ukapanda ukelele wa mwanaume, akaitambua sauti ya mumewe. Hakusitasita tena. Alikaza khanga iliyobaki, akatoka mbio.

Kule kijitoni Stephano alikuwa amepigishwa magoti ndani ya maji, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani. Jicho moja limefumba kabisa. Mdomo umepasuka. Mbele yake alisimama Bartholomayo, binamu yake wa ukoo mmoja, aliyekula naye sahani moja tangu wakiwa watoto kwenye sengu ya babu yao, pale ukoo mzima unapokusanyika kula. Asubuhi hiyo Bartholomayo alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, Egidi. Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye suruali yake. Mkono wa kulia alishika panga, wa kushoto kikombe cha bati.

"Kunywa!"

"Nimekunywa, kaka."

"Kunywa tena! Egidi alikunywa mara ngapi?"

Stephano alikunywa, akatapika. Teke likamwingia mbavuni. Akanyanyuliwa kwa masikio.

"Kunywa!"

"Kaka, maji haya mimi pia ndiyo ninayotumia. Mke wangu anateka hapahapa..."

Bapa la panga likamkata kauli, na jino likaruka.

"Mchome!" wakapaza vijana. "Leteni tairi!"

Ng'ambo ya kijito, barabarani, Meneja Hamphrey alikuwa ameegemea gari lake, shati jeupe, miwani myeusi. "Jamani, mimi sipendi damu," alisema kwa sauti ya kusikika. Kisha akaongeza, "Ila kopo la sumu limekutwa chumbani kwake, mmeliona wenyewe."

Kopo lenyewe lilikuwa la dawa ya kahawa. Mbinga nzima hakuna nyumba isiyo na kopo la dawa ya kahawa uvunguni, lakini siku ile kila mtu alisahau la kwake.

"Achaneni na tairi," Bartholomayo alisema. Alitupa kikombe. "Huyu ni ndugu yangu. Nitammaliza mimi."

Alimshika Stephano nywele, akaivuta shingo nje.

"Shemeji! Shemeji Bartholomayo!"

Umati uligeuka, na umati ukaziba pua. Gaudiosa alikuwa anashuka mlimani amelowa uchafu toka utosini, anachechemea, damu ya Nazari kwenye mikono. Mwanamke mmoja alimpiga fimbo ya bega. Mwingine akamtegea mguu, akaanguka, akaamka. Hakuna aliyethubutu kumkumbatia ili amzuie, kwa namna alivyonuka. Alipita. Akafika majini, akamsukumizia Bartholomayo konzi ya nyasi usoni.

"Nusa!"

"Toka hapa, Mnyasa, kabla sijaanza na wewe!"

"Nusa kwanza, kisha ukate unayemtaka! Hizi nimezichomoa ndani ya ukingo wa bwawa. Zimeoza zote. Mkono wangu umezama mpaka kwenye kiwiko. Bwawa linavuja, shemeji, na linavuja huku kwetu! Hakuna sumu iliyotiwa hapa. Tunakunywa choo cha mji mzima!"

"Uongo," mtu alisema. "Mnyasa anajua nini kuhusu udongo?"

"Panda ukaone! Ukingo mzima unalia maji. Nenda kauguse!"

Mzee mmoja alichukua kipande cha zile nyasi, akazisugua kwa kidole, akazinusa. 

"Ni kweli," alisema. "Hizi zimelala majini siku nyingi."

Ndipo macho yote yalipovuka kijito, yakamwangukia Hamphrey.

Jiwe la kwanza lilipasua kioo cha mbele cha gari. La pili likamchania sikio. Vijana waliingia majini kwa kishindo, mapanga juu, wakivuka kumfuata.

"Muuaji! Mshikeni!"

Gaudiosa alipiga magoti kumfungua mumewe. Fundo lilikuwa limekaza kwa maji, kucha zake zikakatika, lakini alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Amepona! Stephano wake amepona!

Msifurahi haraka namna hiyo.

Hamphrey alikuwa ameruka juu ya boneti ya gari, damu inamtiririka shingoni. Hakukimbia. Bwana huyu ni nyoka, lakini si mwoga.

"Nyasi aliweka nani?" alifoka.

Wale vijana walisimama katikati ya maji.

"Nauliza! Nyasi aliweka nani humo ndani? Kampuni ilileta majembe. Nani hapa alinisikia nikitaja nyasi? Nani? Ukingo mmejenga nyinyi, kwa mikono yenu, na chumvi yangu mkala!"

Mkono mmoja uliokuwa umeinua jiwe ukashuka, jiwe likadondoka majini.

"Ulitakiwa utuletee mtaalamu!" Gaudiosa alipiga kelele. "Kazi ya majitaka ni yako, pesa ya mji ulipokea wewe! Ulikuja mara moja, hukushuka hata kwenye gari, ukasema jengeni mnavyojua, ilimradi maji yasimame!"

Alisema kweli, neno kwa neno. Lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Kila mtu pale kijitoni alikuwa anaitazama mikono yake mwenyewe. Bibi mmoja aliketi chini matopeni, akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Wanaume walikuwa wanatazamana na kukwepana macho. Gaudiosa akajua alichokifanya.

"Ni mimi."

Watu walipisha. Vitalia, mke wa Bartholomayo, mama yake marehemu Egidi, alikuja akiburuza khanga ya msiba. Alikuwa hajala tangu juzi. Alisimama ndani ya kijito, maji yakimfika magotini, akasema bila kupaza sauti.

"Nilikuwa kiongozi wa akina mama. Mimi nilisema nyasi zifukiwe. Huyu Gaudiosa aliuliza, nikamcheka."

"Nyamaza, Mama Egidi," Bartholomayo alisema.

"Egidi alikuwa mdogo. Nilimshusha mgongoni akawa anakanyaga udongo juu ya nyasi, anarukaruka. Tukamwimbia."

"Nyamaza, nimesema!"

"Na nani alizikata, Baba Egidi?"

Bartholomayo alirudi nyuma hatua moja.

"Nyengo ilikuwa mkononi mwa nani? Wanaume mlizilaza, sisi tukafukia. Usimkate ndugu yako. Tumemuua wenyewe mtoto wetu, mimi na wewe."

Alichofanya Bartholomayo baada ya hapo, nawaombeni mkisome kwa huruma kama mnaiweza, mimi mwenyewe imenishinda. Alimpiga mkewe kwa ngumi ya uso. Vitalia alianguka chali majini. Hakuinua hata mkono kujikinga, na hilo ndilo lililomtia mumewe wazimu kabisa. Alimfuata, akamkanyaga kifuani, akamzamisha.

"Sema umekosea! Sema si sisi!"

Gaudiosa aliacha fundo la kamba. Alirukia mgongo wa Bartholomayo, akamng'ata shingo, wakaanguka. Alimburuza Vitalia kichwa juu, akamfunika kwa mwili wake. Panga likaja. Alikinga kwa mkono, likampasua toka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, na maji ya kijito yakabadilika rangi.

"Ondoka juu yake!"

"Siondoki!"

"Basi mtakwenda wote! Nyinyi wanawake ndio mlioua watoto wetu, nyinyi na majembe yenu!"

Na umati ulifanya nini? Umati ulisogea. Wanaume ambao dakika chache nyuma walikuwa na aibu walilisikia neno lile, wanawake, wakaliona ni mlango wa kutokea. Mmoja alimdaka mkewe kwa ukosi wa gauni. "Na wewe ulikuwepo!" Mwingine aliokota fimbo. Mayowe ya akina mama yakaanza kupanda bonde zima. Kwenye boneti ya gari, Hamphrey alifuta damu ya sikio kwa kitambaa, akatulia kutazama.

Bartholomayo aliinua panga kwa mikono miwili juu ya Gaudiosa na Vitalia.

"Kaka!"

Stephano alikuwa amesimama. Kamba ilikuwa imelegea, mkono mmoja huru. Njia ya nyuma yake ilikuwa nyeupe, hapakuwa na mtu yeyote kati yake na shamba la kahawa. Angeweza kukimbia, na hakuna ambaye angemfuata, kwa kuwa hakuna tena aliyekuwa na shida naye.

"Kaka, waache wanawake," alisema. "Ni mimi."

Fimbo zilisimama hewani.

"Nyasi hazina kosa. Nilitia sumu. Kopo mlilokuta ni langu. Nilitia kwenye kijito, usiku wa zamu yangu."

"Stephano!" Gaudiosa alipiga ukelele uliompasua koo. "Anadanganya! Mnajua anadanganya! Jamani, mnajua..."

Mkono ulitoka nyuma ukamziba mdomo. Ulikuwa mkono wa mwanamke, mgumu wa jembe, na mwingine ukaja ukamshika kichwa, na mwingine bega. Majirani zake, wenzake wa kufukia nyasi. Walimkandamiza kwa nguvu huku machozi yao yakimdondokea usoni, wala hawakumwachia.

Maana wote walijua. Yule mzee aliyenusa nyasi alijua. Vijana walijua. Lakini hakuna aliyefungua kinywa, kwa sababu kwa maneno yale ya Stephano kila baba pale alirudishiwa mikono safi, na kila mama angeweza kwenda kulala usiku huo bila kumkumbuka mwanawe akikanyaga udongo.

Bartholomayo aligeuka taratibu. Aliyavuka maji mpaka mbele ya binamu yake.

"Sema tena," alinong'ona.

Stephano alimtazama kwa lile jicho moja lililobaki, kisha akamtazama mkewe aliyeshikiliwa na mikono sita.

"Ni mimi, kaka. Nilimuua Egidi mimi."

Alipiga magoti mwenyewe. Akaikunja kola ya shati, akaiweka shingo wazi.

Na Bartholomayo, ambaye alijua kuliko wote, akaliinua panga huku analia, akimshukuru.